Eti Mombasa kuna theluji?

Nawapa nyota mbili kwa sababu upepo wa tairi walijaza sawa na maji ya waipa wakatia bila kumwaga. Petrol stesheni yenyewe iko njia ya kutokea kisiwani, jina silitaji.

Ilikuwa wiki mbili tatu hivi nyuma, asubuhi, nampeleka mamangu Mariakani kwa hitima. Gari imelala usiku kucha na mie nakaa karibu na hapo, injini hata haijashika moto, nikasema afadhali nipimiwe kila kitu kabla ya kuupanda ule mlima wa Mazeras. Kijana akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili akakipangusa akakirudisha akachomoa tena, oili iko sawa. Mafuta ya breki akafungua kifuniko akakiweka juu ya betri, kisha huyo akaenda kupiga stori na mwenzake wa pampu ya dizeli, na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani si mnaijua! Nikamwita akaja akafunga. Hilo nilimsamehe.

Sasa kulanti, ile dawa ya maji ya kupoza injini. Kale katangi kadogo kalikuwa kameshuka chini ya mstari, nikamwambia ngoja mwanangu ninayo yangu kwenye buti, ile ya pinki, imechanganywa tayari. Nazunguka nyuma kuichukua, kurudi namkuta ashafungua na kifuniko cha rejeta yenyewe, anamimina maji kwa mtungi wa mafuta ya kupikia uliokatwa mdomo. Maji ya kisima, ya lile bomba la nyuma wanaloshea magari. Nikachovya kidole mtungini nikaonja, chumvi tupu. Maji hayo mie nayajua, birika langu la chai lina ukoko mweupe ndani naukwangua kwa kijiko, sasa ukoko ule ukae kwenye vile vijibomba vyembamba vya rejeta, maji yatapita wapi?

Nikapaza sauti, ndio, nilipaza. Supavaiza akatoka ofisini na kikombe chake cha chai, shikamoo hana, salamu hana, akaitazama chupa yangu akasema, "Mama, kulanti ni ya wazungu. Kwani Mombasa kuna theluji?" Wale vijana wakaangua kicheko, na mamangu yuko ndani ya gari anasikia.

Wallahi neno lile halijanitoka mpaka leo. Theluji ndio nini? Kulanti inazuia kuganda kwa wenzetu wa baridi, sawa, lakini pia inazuia kutu, na inachelewesha kuchemka. Maji matupu yanachemka nyuzi 100, ukichanganya nusu kwa nusu na kulanti inafika kama 106, na kifuniko kikishika presha vizuri inapita 120. Sie wa joto ndio tunaihitaji zaidi! Na huyu ndiye mkubwa wao, ndiye anayewafundisha wale watoto kazi.

Nikaondoka nimekasirika, kosa langu sikuangalia kijana amefungaje.

Kupanda Mazeras mshale wa temperecha ukaanza kusogea. Nikazima AC nikafungua hita mpaka mwisho ivute joto la injini, tunaoka humo ndani, bado unapanda, nikaweka gari kando matrela yanatupita yanatutikisa. Mamangu akashuka akakaa juu ya jiwe amejifunika leso kichwani. Kifuniko sikukigusa mpaka injini ikapoa, zaidi ya nusu saa, maana mvuke ule unababua uso. Akaja fundi wa pale barabarani, akakishika kwa vidole viwili tu kikazunguka. "Mama, hiki hakikufungwa, kimeshika hatua ya kwanza." Presha yote ilikuwa inatoka hapo, chini ya boneti kumerukiwa na maji ya pinki kila mahali. Akamwaga yote, akasuuza kwa maji ya chupa, akaweka kulanti mpya. Shilingi 3,200 zikanitoka, na hitima tukaikuta watu washakula wanaosha sahani.

Niliporudi kesho yake supavaiza hayupo. Yule kijana akanijua, akaja mwenyewe, "Shikamoo mama, nisamehe, mie naambiwa nitie hayo maji." Macho yako chini. Roho ikanilainika, ana umri wa mwanangu wa mwisho, na hizo nyota mbili ni zake yeye kwa kweli wala si za stesheni.

Lakini nikageuka nikauona ule mtungi uko palepale kando ya pampu, umejaa, na gari ya watu imefunguliwa boneti inangoja. Nikamwendea mwenye gari nikamwambia baba, funga boneti yako uende. Nyota moja naiondoa. Na hiyo iliyobaki sijui, nikikumbuka mamangu juu ya lile jiwe nataka kuiondoa nayo.