Chawa na tegu: nani huzima kinga ya samaki kwa ustadi zaidi?

Pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mtu akinunua samaki hukagua ngozi kwanza. Chawa wa samaki huonekana kwa macho, na Ziwa Tanganyika lina aina kadhaa. Aliyechunguzwa sana, hata hivyo, ni chawa wa samoni, wa bahari za kaskazini. Mate yake yana prostaglandini E2, kemikali inayofifisha kinga pale anapong'ata, hivyo jeraha halivimbi ipasavyo. Samoni wa Atlantiki hushindwa. Samoni aina ya coho huvimba upesi na kumng'oa.

Tegu ni habari nyingine, na kwangu ndiye wa kuogopwa. Yule wa samaki mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni, huko Ulaya, hukaa ndani ya tumbo, nje ya utumbo, akinenepa wiki nyingi huku chembe nyeupe za damu zikiwa zimepoa. Chembe hizo huchachamaa baadaye, tegu akiwa tayari kuhamia ndani ya ndege mla samaki. Wakati huo samaki pia hupunguza woga, akaliwa kirahisi. Chawa utambandua kwa kidole; tegu utamwona kisu kikishapasua tumbo.