Huduma ya Kupima Uchafuzi wa Kiwanja Kikuukuu, Majengo, Mombasa

Kiwanja chetu kilichoko Majengo, katika kisiwa cha Mombasa, kilikuwa gereji kwa miaka mingi kabla ya familia kukubaliana kujenga nyumba ya ghorofa ya kupangisha. Kabla ya kumkabidhi mkandarasi, tuliiajiri kampuni ya wataalamu wa mazingira ichunguze uchafuzi uliobaki ardhini. Jina lake silitaji, maana yamo malalamiko katika tathmini hii na nimekwisha kuyafikisha kwao.

Wapo walioniuliza kwa nini tuingie gharama hiyo ilhali ripoti ya athari kwa mazingira ingepelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, vilevile, kama inavyotakiwa na sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Ripoti hiyo hueleza zaidi ujenzi utaufanyia nini mtaa. Yaliyozikwa ardhini tangu zamani mara nyingi hupewa aya moja tu. Nasi watu wa Mombasa tumeona yaliyotokea Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014 lakini madini ya risasi, yaani ledi, yakabaki katika udongo na katika damu ya watoto. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliyotolewa na mahakama mwaka 2020 ilitenguliwa katika rufaa, na wakazi wakangoja hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirejesha.

Hatua ya kwanza ya huduma hii siipunguzii hata alama moja. Mtaalamu aliyetumwa alipitia hati za umiliki na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, kisha akakaa barazani na wazee wa mtaa kwa siku mbili nzima, akiuliza kidogo na kuandika sana. Mzee mmoja alinyanyuka, akaingia naye kiwanjani, akamwonyesha kwa bakora mahali penyewe, chini ya mwarobaini, ambapo mafundi walikuwa wakipasua betri na kumwaga asidi. Katika hati zetu zote hapakuwa na neno juu ya jambo hilo. Keekee ya mkono ilipozungushwa pale, udongo wa juu ulitoka mweusi, umechanganyika na vigae vya plastiki ya betri, na chini yake ukafuata mchanga mwekundu uliokuwa safi machoni.

Majibu ya maabara yalithibitisha kauli ya mzee. Kampuni iliyapima kwa kiwango cha Marekani cha udongo wa makazi, ambacho Januari 2024 kilishushwa kutoka miligramu 400 za risasi kwa kila kilo ya udongo hadi 200, na sampuli za chini ya mwarobaini zilikipita kwa mbali. Ushauri wao wa kuuondoa udongo wa juu wa pembe ile na kuupeleka kwa mwenye leseni ya kushughulikia taka za sumu ulikuwa na mantiki, kwa kuwa risasi hushikamana na udongo na kwa kawaida haizami mbali.

Oili chafu na petroli zina tabia nyingine, na hapo ndipo huduma ilipopwaya. Chini ya udongo wetu kuna mwamba wa matumbawe wenye nyufa na matundu, ambamo kilichomwagika juu hufika majini upesi, na kiwanjani mna kisima ambacho majirani huchota maji ya kufulia. Kampuni ilichimba mashimo matano, yote ya udongo, bila kugusa kisima. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba maji hayakuwamo katika hadidu za rejea, jambo ambalo ni kweli, ila hadidu hizo waliziandika wao nasi tukatia sahihi tu. Sampuli ya maji ilichukuliwa baadaye kwa malipo ya ziada, ikachelewesha ramani za msanifu kwa wiki sita. Ripoti nayo ililetwa kwa Kiingereza kitupu, nikalazimika kumfasiria mama mkubwa, ambaye ndiye mwenye hati, ukurasa baada ya ukurasa.

Kwa uchunguzi wa historia ya kiwanja ningewaajiri tena bila kusita. Kwa uchimbaji, ningetaka idadi ya mashimo, kina chake na sampuli ya kisima viandikwe katika mkataba kabla ya malipo ya awali. Kisima chenyewe tumekifunga kwa kifuniko cha zege, kwa sababu maji yake yalikutwa na mafuta.