Mwongozaji wa Mji Mkongwe Bagamoyo: ulimi anao, hati hana

Nimestaafu masijala ya ardhi Tanga baada ya miaka 31, kwa hiyo nikiingia jengo la zamani wenzangu wanapiga picha mlango, mimi nauliza hati iko wapi. Juzi mimi na mke wangu tulimchukua kijana mmoja atutembeze. Elfu ishirini kwa matembezi ya saa mbili. "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akaanza, na kweli anajua kusimulia.

Ngome Kongwe aliitendea haki. Aliyeijenga ni Abdallah Suleiman Marhabi, 1860, ikiwa nyumba yake. Sultani Barghash wa Zanzibar akaja kuitia askari, kisha Wajerumani wakahamia. Nikamuuliza: Marhabi alilipwa? Akacheka. "Mzee, hayo ya mahakamani."

Ndiyo hasa! Mwaka 1890 Ujerumani ilikubali kumlipa Sultani maki milioni 4 kwa ukanda wote wa pwani. Sasa bei ya pwani inabeba na nyumba ya mtu aliyechoma chokaa yake mwenyewe? Kwetu masijala hilo lingekuwa faili la kufungwa kwa kamba.

Kwenye Boma la 1897, jengo la utawala la Wajerumani, lile lililoporomoka upande kwa mvua za El Niño, alisema tu "Waingereza wakalichukua," tukapita. Hapo amenikosea. Waingereza walifika na bunduki 1916, lakini karatasi ilikuja na Mkataba wa Versailles, 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza: kifungu cha 120 kilihamishia majengo ya dola ya Ujerumani kwa serikali iliyoshika koloni, na cha 257 kikaongeza kwamba Ujerumani haitalipwa kitu kwa hayo. Mali ya kampuni na watu binafsi ilipita mlango mwingine: ikakamatwa kama mali ya adui, ikauzwa. Sisi wa Tanga tunalijua hilo kwa mashamba ya mkonge, yalivyopigwa mnada yakaangukia Wagiriki na Wahindi. Kwa hiyo kujua kama ukuta ulikuwa wa jeshi au wa mfanyabiashara si ushabiki wa mzee; ndiko kulikoamua nani auze.

Nilimweleza, akayaandika kwenye simu. Hilo limenifurahisha.

Lililoniudhi: baada ya saa moja na dakika ishirini tukajikuta duka la vinyago, eti "tupumzike kidogo." Dakika arobaini zangu zimeishia hapo, na mke wangu katoka na kinyago cha twiga.

Nyota tatu. Pataneni muda kabla, na mwambieni dukani hamuendi.