Tasi au pono, wewe unachukua yupi?

Siku wakishuka samaki wa maji chumvi kutoka Tanga hapa Moshi, mi nachukua tasi. Huyu kazi yake kula mwani na majani ya baharini, anatembea kimakundi maji mafupi, anakua chapchap, wavuvi wanamnasa sana kwa madema (ile mitego ya kusukwa kama kikapu). Shida ni miiba ya mapezi ina sumu, haiui ila ikikuchoma utataja ukoo mzima, chovya mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia maana joto linaivunja ile sumu. Akipikwa hamna noma.

Pono sasa, huyo ni maajabu! Meno yameungana kama mdomo wa kasuku, anakwangua matumbawe apate mwani na vijidudu, jiwe analisaga kwa meno mengine ya kooni halafu anakunya mchanga, yaani ule mchanga mweupe mnaoenda kupigia picha mwingine umetoka tumboni kwake (msinichukie). Aina nyingi huanza jike, baadaye wengine wanageuka dume.

Sema nyama yake laini mno, kwenye kikaango inavunjika, labda mchuzi wa nazi. Na kwa vile anayasafisha matumbawe mi naona bora aachwe huko huko baharini.