Presha kuka ya umeme: maharage inayaweza, pilau bado inakutaka wewe

Boksi la presha kuka ya umeme ya lita 6 limejaa picha: pilau, keki, mtindi, supu, maharage, kila kimoja na kitufe chake. Vingi kati ya vitufe hivyo kazi yao ni moja, kinachobadilika ni dakika tu. Kwa bei yake mtu huamini amenunua na mpishi humo humo.

Kwenye maharage, haina mpinzani. Nusu kilo ya maharage makavu ambayo hayakulowekwa, maji lita moja na nusu, dakika 40 hadi 45 baada ya presha kupanda, kisha iache ishuke yenyewe kwa dakika 15. Ndani maji hufika nyuzi 115 hivi, ilhali kwenye sufuria ya kawaida kule Nairobi au Mbeya, kwenye miinuko, yanatokota kabla ya kufika 95. Umeme unaoliwa ni kama nusu uniti. Usipitishe nusu ya chungu, maana povu na maganda huziba valvu. Na maharage mekundu usiyapike kwa kitufe cha moto mdogo wa saa nyingi kabla hujayachemsha dakika 10 yatokote kwelikweli; yana sumu ambayo moto hafifu hauiui.

Pilau ndiyo inayoiumbua. Kitufe cha kukaangia kipo, ila chungu ni kirefu na chembamba, na kihisio hukata moto kila chini kinapopata joto. Vitunguu vinne vinatoa maji na kuchemka badala ya kukauka, na pilau isiyo na kitunguu cha kahawia ni wali wenye bizari. Kaanga pembeni kwenye sufuria, umalize na nyama na viungo, ndipo umimine. Kwangua chini kwa mwiko kabla ya kufunga, kwa sababu kitunguu saumu kilichoshika chini ndicho kinachoifanya mashine itoe alama ya tahadhari ya kuungua. Maji nayo yapunguze: kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na robo cha supu, kwani mvuke hautoroki. Ukipima kwa mazoea ya sufuria, utapakua bokoboko. Kwa mchele mpya, punguza maji tena kidogo. Mashine haiujui mpya wala wa zamani.

Tui zito halipikwi kwa presha, linakatika. Pikia tui jepesi, zito utie ukishafungua.

Ugali usijaribu. Chungu cha ndani hakina mpini, kinazunguka na mkono, na mwiko unachuna ule utando mweusi usioshika chakula. Mkate wa kumimina unataka moto juu na chini; humu uso unabaki mweupe na umeloa. Mtindi, kwa haki yake, unatoka vizuri: kwa muda wa saa 8, bila kuusogelea.

Anayepika maharage, makande au makongoro kila wiki anunue. Anayetafuta cha kumfundisha kuunga mchuzi, jiko la gesi la plate mbili na sufuria nzito vitamfaa zaidi. Kabla ya kulipa, uliza kama duka lina mpira wa kifuniko wa ziada. Ukilegea, mvuke unavuja na presha haipandi. Na mpira huo ukishashika harufu ya pilau, mtindi wako utanukia bizari.