Biodizeli kwenye kanta yangu: miezi saba na paipu moja ya shaba

Nina kanta kuukuu, lori dogo la dizeli; pampu yake ni ile ya kizamani isiyojua kompyuta. Inabeba viazi na vitunguu kutoka Marikiti hadi Kayole na Umoja, humu humu Nairobi. Juni mwaka jana nilianza kununua biodizeli kwa muuzaji mmoja wa Industrial Area, anayekusanya mafuta yaliyokaangia chipsi na kuyapika upya kwa methanoli. Jina lake silitaji, maana ugomvi wetu haujaisha. Aliniuzia shilingi 20 chini ya bei ya dizeli ya EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Kenya, kwa kila lita, na kila tarehe 14 bei mpya zilipotangazwa mimi nilikuwa natabasamu.

Kipimo ni B20: lita 20 za biodizeli kwa 80 za dizeli ya kawaida. Unachanganya mwenyewe.

Miezi ya kwanza sina lalamiko. Moshi mweusi ulipungua, injini ikatulia, na ekzosi ikawa inanuka kama kibanda cha chipsi hadi makanga wakamtania dereva wangu, "Buda, kuku iko wapi?" Filta iliziba wiki ya pili, lakini hilo nililitarajia: biodizeli huosha uchafu uliogandamana tangini miaka na miaka, kisha uchafu huo wote unakimbilia kwenye filta. Nikabadilisha, safari ikaendelea.

Balaa lilianza Desemba. Dereva alienda ushago, gari likalala wiki tano tangi likiwa nusu. Kumbe kabla ya kuondoka alikuwa amechanganya nusu kwa nusu ili "kuokoa". Januari likakataa kuwaka.

Fundi wangu wa Kariobangi alifungua boliti ya paipu ya mafuta, akaniita. "Mama, njoo ujionee."

Washa ya shaba ilikuwa kijani kama ukoga, na ukingo wake umeliwa vitobo vidogo vidogo, kama umechomwa kwa sindano. Paipu ya kurudishia mafuta, ambayo niliwekewa ya shaba zamani kwa sababu ilikuwa rahisi kukunja, ilikuwa na ute wa kijani ndani. Nilitia kidole: unanata kama sabuni iliyolowa. Kiungo cha brasi kimepauka. Mpira wa zamani umevimba mpaka klipu imezama. Ila paipu za chuma zinazoenda kwenye nozo zilikuwa safi, na mwili wa pampu, ambao ni aluminiamu, haukuwa na alama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Biodizeli hunyonya maji kuliko dizeli, na ikikaa na hewa huchacha na kuzaa asidi. Asidi hiyo inakula shaba, brasi, risasi na zinki. Ubaya zaidi, shaba nayo huharakisha kuchacha kwa mafuta, kwa hiyo viwili hivyo vinaharibiana. Gari linalotembea kila siku linayachoma mafuta kabla hayajafika huko. Langu lilikuwa limelala.

Mimi ni mbishi, nikasema labda ni maji tu ya tangini. Fundi hakujibu. Alikata vipande viwili vya waya wa shaba, akavisugua kwa msasa hadi viking'aa, akakitia kimoja kwenye chupa ya dizeli na kingine kwenye biodizeli tupu. Baada ya wiki mbili waya wa dizeli ulikuwa umefifia kidogo tu. Ule mwingine ulikuwa na madoa meusi, na mafuta yenyewe yameanza kugeuka rangi.

Nililipa shilingi 11,400: paipu ya chuma, mipira ya Viton isiyovimbishwa na biodizeli, washa mpya, kuosha tangi.

Nampa muuzaji nyota tatu. Mafuta yanafanya kazi, na kwa gari lisilolala ningeyanunua tena, kwa B20 na si zaidi. Nyota mbili nimezikata kwa sababu hakuniambia neno juu ya shaba wala juu ya kulaza gari. Kiwango cha Marekani cha biodizeli, D6751, kinataka kipimo cha asidi kisizidi 0.50, na kipande cha shaba kijaribiwe kwa muda wa saa 3 kwenye mafuta yenye nyuzi 50. Hivyo ni vipimo vya kawaida vya mtu anayeuza biodizeli.

Wiki jana amenipigia kuuliza kama nataka mitungi mingine. Nikamwambia aje na karatasi ya vipimo vya pipa hilohilo atakalonipimia. Akasema atanipigia baadaye. Leo ni siku ya tisa.