Vidonge vya rangi vinavyoonyesha ukoga: nimemfundishia mama kupiga mswaki, haya ndio maoni yangu

Kama unaishi na mzazi au bibi na umechoka kumwambia apige mswaki vizuri, hii inakuhusu, maana hiki kitu kimefanya kazi ambayo maneno yangu yote hayakuweza. Ni vidonge vidogo vya kutafuna. Unatafuna, unazungusha mate mdomoni kama nusu dakika, unatema, unasukutua kidogo, basi rangi inang'ang'ania pale tu penye ukoga, yaani ule utando wa uchafu unaojijenga kwenye meno, jino safi linabaki na rangi yake. Hivi nilivyochukua mimi ni vya rangi mbili, ukoga mpya unatoka pinki, ule uliokaa siku kadhaa bila kuguswa unatoka bluu au zambarau. Kazi yake inaishia hapo. Having'arishi, haviondoi harufu, havitibu kitu, vinaonyesha tu.

Boksi lina picha za watoto na hata ukiuliza utaambiwa ni vya kufundishia watoto, ila mimi nasema wanaovihitaji zaidi ni wazee, na nitaeleza kwanini.

Mtu mzima ukimwambia "mama, hupigi mswaki vizuri" anachosikia ni kwamba mchafu. Mama yangu jibu lake lilikuwa lile lile kila siku, "mwanangu, mimi nimeanza kupiga mswaki wewe hujazaliwa". Na ni kweli kabisa, hajawahi kuacha, asubuhi na jioni. Kinachowaponza wazee wengi sio uvivu jamani, ni kwamba kinywa kimebadilika na njia imebaki ile ile. Fizi zinarudi nyuma na mizizi ya meno inabaki wazi, na mzizi hauna ile enameli ngumu ya juu, kwahiyo unaoza kirahisi kuliko jino lenyewe. Alafu dawa, hizi za presha, za kukojoza, za aleji, za kutuliza mawazo, nyingi zinakausha mate, na mate ndio yanayopunguza makali ya asidi mdomoni usiku na mchana. Ongeza vidole vyenye baridi yabisi na macho ambayo hayaoni tena vizuri. Kwahiyo ule mswaki uliomtosha akiwa na miaka 30 sasa haumtoshi, na yeye hana namna ya kujua maana ukoga una rangi karibu sawa na jino.

Sasa ujanja ambao haujaandikwa kwenye boksi. Usimpe kidonge kabla ya kupiga mswaki. Mwache apige mswaki wake kama kawaida mpaka mwenyewe aseme amemaliza, ndio umpe. Hapo rangi haimwambii kwamba meno yake machafu, inamwambia mswaki umeruka wapi, na hayo ni mambo mawili tofauti sana kwa mtu mwenye heshima zake.

Mama nilimkalisha mbele ya kioo cha kukuza, nikamshikia tochi ya simu. Meno ya mbele upande wa nje yalikuwa safi kabisa, hakuna hata tone, na nikamwambia hivyo kwanza. Alipofungua mdomo zaidi ndio akaona, mstari wa bluu chini kabisa pale jino linapokutana na fizi, upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini bluu tupu, na magego ya kulia, maana anatumia mkono wa kulia na kifundo chake hakikunji vizuri kwahiyo upande ule mswaki unapita juu juu. Palipokuwa na rangi nzito kuliko pote ni yale meno mawili yanayoshikilia meno yake ya bandia ya kuvua. Akanyamaza, akasogea karibu na kioo, akauliza "hapa mbona napiga kila siku?" Sikujibu. Akachukua mswaki mwenyewe akaanza kusugua pale pale, rangi haitoki, akakandamiza zaidi, bado. Nikamwambia mama, ulaze kidogo uelekee kwenye fizi, legeza mkono, tikisa taratibu hapo hapo. Ikatoka. Kukandamiza kulikuwa kunapinda nyuzi tu zinapita juu ya mstari bila kuugusa. Hilo nililisema miaka halijaingia, rangi imelisema mara moja limekaa, na ule mswaki wake mgumu akautupa mwenyewe akaomba laini.

Katikati ya meno ndio nimevipenda zaidi vidonge hivi. Mswaki hata uwe mzuri vipi haufiki pale, rangi inabaki, na mzee anaiona kwa macho yake inabaki. Hapo ndipo nikamtolea zile brashi ndogo za kupitisha katikati ya meno, za kamwaya kembamba. Kwa wazee naona ni bora kuliko uzi, uzi unataka vidole vya kijana, hizi unashika kishikio tu, na meno yao yanakuwa yameshaachana kidogo kwahiyo zinapita. Cha kuangalia ni saizi, iingie kwa kujaa kidogo bila kusukumwa kwa nguvu, na mtu mmoja anaweza kuhitaji saizi mbili au hata tatu.

Damu ilitoka mwanzoni, na hapa wengi ndio wanaacha kwa kudhani wamejiumiza. Fizi inayovuja damu mara nyingi ni fizi iliyovimba kwasababu ya ukoga ulioachwa, ukiendelea kusafisha taratibu damu inapungua ndani ya wiki moja au mbili hivi. Isipopungua, au jino linacheza, ni daktari wa meno. Na kama mzee anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi mwambie daktari mapema.

Kuna mtu ataniuliza si ununue mswaki wa umeme tu yaishe? Mama anao, na unasaidia kweli, uchambuzi wa 2014 wa Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, uliokusanya majaribio 56 ulikuta baada ya zaidi ya miezi mitatu mswaki wa umeme unapunguza ukoga kwa asilimia 21 kuliko wa mkono, na kwa mtu mwenye vidole vigumu mpini wake mnene ni nafuu kubwa. Ila mswaki wa umeme nao lazima uufikishe mahali. Usipoujua mstari wa fizi utazungusha umeme kwenye meno ya mbele dakika mbili nzima na bluu iko pale pale, nimeiona.

Sasa mabaya yake, na yapo. Rangi inachafua kila kitu. Midomo, ulimi, fizi, vidole, sinki, na ulimi unaweza kubaki na rangi kwa saa kadhaa. Mpake mafuta ya mgando midomoni kwanza, mfunike taulo la zamani kifuani, fanyeni usiku wakati hatoki tena. Meno ya bandia yavuliwe kabla maana rangi inaingia kwenye mikwaruzo, na kingo za meno yaliyozibwa zinaweza kushika rangi kwa muda.

Kubwa zaidi ni kwamba kidonge kimetengenezwa kwa mtu mwenye mate na magego. Mwenye kinywa kikavu kinamgandia, mama alikuwa anahangaika nacho mpaka nikawa namsagia nusu na tone la maji. Na maelezo yameandikwa kwa herufi ndogo mno, mzee hawezi kusoma peke yake, hilo limeniudhi. Soma wewe hasa viungo, baadhi ya hizi rangi ni erithrosini, E127, ambayo ina iodini ndani yake, kwahiyo kama mzee aliambiwa hapatani na iodini au ana shida ya tezi ya shingoni (thairoidi) uliza kwanza.

Kuna wazee ambao nisingewapa kabisa. Anayepaliwa akimeza, kwa mfano baada ya kiharusi, usimpe kitu cha kutafuna na kuzungusha mdomoni. Na mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuona mdomo mwekundu kwenye kioo akadhani ni damu, akaogopa, na hofu hiyo ikahamia kwenye mswaki wenyewe. Huyo msafishe kwa upole bila rangi.

Na vipo ambavyo kidonge hakifundishi. Hakimfundishi kutema povu bila kusukutua na maji baadae ili floraidi ibaki kwenye meno (dawa ya meno iwe ya 1350 mpaka 1500 ppm, yaani kiwango cha floraidi, imeandikwa kwenye tyubu, na mwenye mizizi inayooza daktari anaweza kumwandikia ya 5000). Mama bado anasukutua, tunaendelea kukumbushana. Wala hakigusi habari ya meno ya bandia, ambayo yanataka brashi yake na sabuni ya maji, sio dawa ya meno inayoyakwaruza, sio maji ya moto yanayoyapinda, na usiku yavuliwe. Hili la usiku lichukulie kwa uzito, Japani walifuatilia watu 524 wenye miaka 85 na zaidi, matokeo yakatoka 2015, waliokuwa wanalala nayo walikuwa na hatari ya nimonia takriban mara mbili ya wale wanaovua.

Kuhusu mara ngapi, sio kila siku. Sisi tulianza kila wiki, sasa ni mara moja kwa mwezi, na siku hizi ni yeye anayeniuliza "leo hatujiangalii?" Mstari wa bluu upande wa ndani umeisha, magego ya kulia yamebaki na pinki kidogo, meno yanayoshikilia bandia bado yanataka kazi.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa zile herufi na ugumu wa kutafuna. Ukitafuta chukua vya rangi mbili maana vya rangi moja havitofautishi ukoga wa leo na wa wiki iliyopita, na kama mzee wako ana kinywa kikavu au amebakiwa na meno machache achana na vidonge, tafuta ile ya maji ya chupa unayompaka kwa kijiti cha pamba jino kwa jino. Vikiisha hivi, na mimi nahamia kwenye ya chupa.